Kuni za Skola Zimefika Bungeni

Jumatano. Asubuhi ukungu, mchana vumbi la malori yanayokwenda kambini kwa wakimbizi. Moyo wangu haujatulia tangu jana.

Nina wivu. Naandika hivyo kwanza, nisije nikazunguka.

Mbunge wetu alipotutembelea shuleni mwezi uliopita, mimi ndiye niliyemsomea risala. Mwalimu Bernadeta alinifundisha wiki nzima: nisimame wapi, nipumue wapi, nisichanganye l na r kama tunavyofanya nyumbani. Sikukosea hata neno. Nikamkabidhi mgeni karatasi kwa mikono miwili, nikapiga goti. Akaikunja, akampa dereva wake.

Skola hakusoma chochote. Skola ni mwenzangu wa dawati. Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kuni za kupikia uji wa shule, akachelewa, akaingia na mzigo wake wakati mgeni anaelekea kwenye gari. Mgeni akamuuliza mbona anafika saa hizi. Akajibu tu, kuni zikiwa bado kichwani:

"Zamani tulikuwa tunaziokota nyuma ya shule. Siku hizi mpaka nirudi, nakuta hesabu wameshazifuta ubaoni."

Basi. Hakusema hata "Mheshimiwa".

Jana jioni nilitumwa dukani kwa Mzee Salum, ambaye hufungulia redio sauti ya juu Bunge likiwa limekaa. Akaitwa mbunge wetu kuchangia. Watu wakanyamaza, hata aliyekuwa anapimiwa mafuta ya taa. Akasema miti imekwisha kuzunguka kambi ya Lukole, wakimbizi wanapika na wenyeji wanapika, na hakuna wa kulaumiwa kwa kuwa na njaa. Kisha akasema, "Mheshimiwa Spika, binti mmoja jimboni kwangu anafuata kuni mbali, mpaka arudi anakuta hesabu zimeshafutwa ubaoni."

Nilisubiri risala yangu. Nilisubiri hata sentensi moja.

Haikuja.

Mwishoni akasema anaunga mkono hoja, yaani bajeti ya Serikali kama ilivyoletwa. Baadaye wabunge wakahojiwa, wanaoafiki waseme ndiyo, na ukumbi wote ukavuma ndiyo. Nilijaribu kuisikia sauti yake humo ndani, sikuipata.

Mzee Salum alicheka. "Kagomba weee, mwisho kaunga mkono."

Tangu hapo Skola anaitwa Mheshimiwa Kuni. Leo kina mama kisimani walimwamkia shikamoo kwa utani, naye akaitikia marahaba bila aibu, ndoo kichwani. Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nami nilicheka. Mashavu yaliniuma.

Mchana Mwalimu akatutangazia kwamba mbunge atarudi kututembelea Bunge likiahirishwa. Safari hii risala atasoma Skola. Mimi nitaiandika, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu." Kisha nikaenda nyuma ya darasa, zilikokuwa kuni zamani, nikalia kidogo.

Laiti Skola angeringa, ningepata sababu ya kumchukia. Njiani kurudi nyumbani alinishika mkono.

"Wewe unaelewa mambo ya redio," alisema. "Kama kuni zilimuuma, mbona aliunga mkono? Maana kesho zamu ni yangu tena, na njia ni ileile."

Swali hilo nililala nalo usiku kucha nikidhani ni langu peke yangu. Lilikuwa kitu kimoja nilichobaki nacho ambacho yeye hana.

Risala haiulizi. Inashukuru, inataja shida, inaomba, inamtakia mgeni safari njema. Nikiliweka swali humo, Mwalimu atalikata kwa wino mwekundu. Lakini Skola hahitaji karatasi. Akimaliza kusoma, anaweza kuinua macho na kumuuliza mbele ya wote, kwa sauti ileile aliyomjibu nayo siku ile. Na mbunge atamsikia. Mimi nikiuliza, atasikia Kiswahili kizuri tu.

Inaniuma kuandika hivyo, lakini naona ndivyo ilivyo.

Kesho nitakwenda naye kuni, hesabu zifutwe sote tukiwa huko. Nitamwambia aulize. Sitamwambia kwamba nami niliwaza hivyohivyo.

Siku ile atakapouliza, na shule nzima ikashangilia, nitapiga makofi kweli? Au nitainama kana kwamba nafunga kamba za viatu, nami viatu sina?