Jiko la Kuni Alilolifunga Fundi Bomba

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Pokea salamu zangu na unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana mwezi ukiisha mama mkwe wangu anahamia kwetu kwa msimu wote wa baridi, na chumba atakacholala ndicho chenye jiko ninalotaka kukueleza, na mimi nimefika mahali silali kwa mawazo.

Mume wangu ni fundi bomba, na si fundi wa kubahatisha, Shangazi, mtaa mzima maji yakivuja anaitwa yeye, hata wamempachika jina la Havuji, na mimi kwa kuwa ni fundi cherehani kazi safi naijua nikiiona. Msimu uliopita mama yake aliugua kifua, daktari akasema mama huyu asikae penye baridi, basi mwana wa watu akaenda kwa fundi wa kuchomelea akatengenezewa jiko la kuni la chuma, zuri kwa kweli, lina mlango na miguu minne, akalileta sebuleni akaliweka juu ya zulia la plastiki, mgongo wake karibu uguse ukuta wa mbao, akasema, “Kulifunga nitalifunga mwenyewe. Bomba ni bomba tu.” Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Shangazi, amelifunga kama sinki. Bomba la moshi linatoka kwenye jiko, linapinda, linatoboa ukuta, halafu linateremka, ndiyo, linateremka, na huo mteremko aliupima kwa pima maji mimi nikiwa nimemshikia ngazi, akanieleza kwamba bila mteremko uchafu utatuama. Kwenye kona akaweka ule mpindo unaokaa chini ya sinki, akaumwagia maji, eti maji yakikaa pale harufu hairudi ndani. Siku ya kwanza kuwasha harufu haikurudi kwa sababu haikwenda popote, moshi wote ulibaki sebuleni na sisi, tukatoka mbio tunakohoa na kufuta machozi, majirani wakaja kutupa pole wakidhani tumefiwa. Akayamwaga yale maji, lakini mpindo ukabaki, mteremko ukabaki, na kile kipande cha nje, ambacho ni plastiki aliyobakiza kazini, kimeanza kulegea kimeinamisha kichwa. Kisha akaongeza koki kwenye bomba hilo la moshi. Usiku makaa yakishakuwa mekundu anaifunga ili joto lisipotee, na madirisha ameyaziba kwa mabaki yangu ya vitambaa, na siku hizi moshi hauonekani sana, kwa hiyo anatembea kifua mbele na kuonyesha wageni.

Lakini mimi ndiye ninayeshinda mle ndani na cherehani. Kichwa kinaniuma nikikaa, nikitoka nje kinaacha, nikirudi kinaanza, juzi nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye koti la mteja, na paka wetu, ambaye tangu azaliwe kazi yake ni kutafuta joto, siku hizi analala kibarazani na baridi yake.

Utaniuliza mbona sisemi. Nimesema. Nilimwambia, “Baba watoto, hili jiko lako linaniumiza kichwa.” Akanitazama, akaweka spana chini, akasema, “Sema tu kwamba hutaki mama aje.” Nikafyata mkia, Shangazi, kwa sababu mimi na mama mkwe hatupikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi, aliposema mbele ya watu kwamba gauni langu limekaa upande, na gauni nilikuwa nimelishona mwenyewe, na mawifi zangu wote wanalijua hilo, nikifungua mdomo tu juu ya jiko wataniweka kikaangoni. Basi nimejitafutia ujanja wangu, jioni nazinyunyizia kuni maji kidogo ili jiko lisishike. Na acha nikutapikie yote, kuna sauti ndani yangu inayoniambia nyamaza, mama akija akauona moshi ule atafunga mizigo yake mwenyewe, na hakuna atakayeninyooshea kidole. Naona aibu hata kuyaandika haya. Nampenda mume wangu, na jiko lile alilifunga kwa mapenzi, nilimwona. Niseme nini ili nyumba yangu isivunjike?

Mimi,
Mke wa Havuji

SHANGAZI ANAJIBU

Mke wa Havuji, nimecheka mpaka miwani ikadondoka, halafu nikafika penye koki na kicheko kikanikauka mdomoni. Wewe unaniuliza habari za ndoa. Ndoa ingoje kidogo. Jiko hilo lisiwashwe tena kuanzia leo, hata kwa kijiti kimoja, na mabaki yako ya vitambaa yatoke madirishani yarudi kwenye kapu lake. Kisha mwende kituo cha afya, wewe na watoto, mkaeleze mnachokisikia. Usinimezee vidonge vya kichwa halafu ukarudi kukaa palepale.

Sikiliza nikwambie kitu. Moshi unaouona ni mkorofi lakini ni mkweli. Unachoma macho, unakukohoza, unakutoa nje. Lakini kuni na makaa yakiungua mahali pasipo na hewa hutoa gesi nyingine, haina rangi, haina harufu, na yenyewe haikufukuzi, inakubembeleza. Kichwa kinagonga, moyo unachafuka, unasikia usingizi mtamu, unalala, na huamki. Kichwa kinachouma ndani na kuacha nje ni salamu zake hizo, mwanangu. Paka amezipokea akahama. Wewe umezipokea ukaendelea kushona.

Kwa hiyo ile sauti yako inayokwambia nyamaza, moshi utamrudisha mama mkwe kwao, inakudanganya. Moshi ungemrudisha, ndiyo. Koki ikifungwa usiku, na kifua chenyewe kibovu, na madirisha yamezibwa, hatarudi popote. Halafu ungeniandikia barua gani mimi? Kutopatana na mkwe si dhambi, wengi tumo humo. Kumwona mtu anakwenda kulala mahali pabaya ukauma ulimi, hilo nakugombeza na sitaomba radhi.

Na hizo kuni unazozinyunyizia maji, aliyekufundisha ni nani? Kuni zenye maji ndizo zinazotoa moshi mwingi na kupaka masizi mazito ndani ya bomba, na masizi yakijaa siku moja yanashika moto humohumo ukutani. Wewe ulidhani unazima, kumbe unaandaa. Kuni zikaushwe, zikae penye paa na upepo, na ndoo yako ya maji ikamwagilie maua.

Sasa liache gazeti hili mezani, limefunguliwa ukurasa huu, uende jikoni. Nataka kuzungumza na mwenye spana.

Fundi, kazi yako naiheshimu, na mapenzi yako kwa mama yako yamenigusa sana. Lakini baba, maji yana uzito, yanashuka. Moshi una joto, unapanda. Ukiuwekea mteremko umeuwekea mlango wa kurudi kwako. Bomba la jiko hunyooka kwenda juu, chuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, kona ziwe chache kadiri inavyowezekana, litoke juu ya paa na kupita kilele chake, livae kofia ya kuzuia mvua. Linapopenya dari, mbao isiliguse hata kidogo, pawe na nafasi na kinga ya chuma. Plastiki yako irudi kwenye maji machafu, huko ndiko inakojulikana. Jiko lenyewe litoke kwenye zulia, likae juu ya sakafu ya matofali au saruji iliyojitokeza mbele ya mlango wake, kaa likianguka lianguke pasipoungua, na ulisogeze mbali na ukuta wa mbao, makochi, mapazia na vitambaa vya mkeo. Siku moto umekolea, weka kiganja ukutani. Kama huwezi kukiacha pale, jiko bado liko karibu mno.

Ile koki usiifunge wala usiifungue. Ing'oe. Chumba kiachiwe tundu la kuingizia hewa lisilozibwa na mtu, moto ufe kabisa kabla ya watu kulala, majivu yatolewe nje kwa ndoo ya chuma yenye mfuniko, na bomba lisafishwe masizi kabla ya kila msimu wa baridi. Vipo pia vifaa vidogo vinavyopiga kengele gesi ile ikijaa chumbani. Kinunue, kifunge, kijaribu kama kinalia.

Halafu mwite mwashi anayejenga dohani za kutolea moshi aje akague kabla hujawasha. Najua roho inakuuma. Lakini wewe ukiitwa kwa mwashi aliyejifungia choo mwenyewe, si unacheka mpaka unakaa chini? Unacheka, halafu unamtengenezea, na yeye anabaki mwashi vilevile. Sasa ni zamu yake kucheka. Mtengee kiti, mpe chai, acheke.

Rudi sasa, mwanangu, nimemaliza naye. Mama mkwe akifika kabla mwashi hajatoa kauli, halali sebuleni. Mlaze na wajukuu wake chumba cha watoto, mablanketi mawili, chupa ya maji ya moto miguuni, soksi. Mawifi wakisema, waache waseme, hewa watakayosemea itakuwa safi. Na ukitaka kujua mtu anakaaje na mkwe asiyependa mishono yake, niandikie baadaye, nina mengi.

Uliniuliza useme nini. Mumeo akikwambia tena kwamba hutaki mama yake aje, usifyate mkia safari hii, na usilie. Mtazame usoni umwambie, “Namtaka aje, na asubuhi namtaka aamke.” Halafu nenda ukafungue dirisha, na usingoje akujibu.

Shangazi