Zamu ya Mkaa

Jumatano, 1 Machi 1995

Majivu. Nimepakwa ya kanisani asubuhi, nikarudi nyumbani nikakuta mengine jikoni – moto ulizimika kabla maharage hayajaiva.

Mkaa umepanda tena. Gunia sasa ni la wenye magari. Sisi wengine tunapimiwa kwa kopo, na muuzaji wa hapa Mabatini amelibonyeza kopo lake kitako, ujazo umepungua, bei imebaki palepale. Nilimtazama. Naye alinitazama. Biashara huria, Mwalimu, akasema.

Nimekula michembe ya viazi vitamu iliyolowekwa, na karanga chache. Nikajiuliza kama njaa ambayo mtu hakuichagua huhesabiwa kuwa mfungo. Katika chuo cha makatekista swali hilo halikuulizwa.

Tangu mke wangu Evelina afariki mwaka juzi, mkono wangu haujajifunza kupima chakula cha mtu mmoja. Kinachobaki nakila kesho yake, baridi, ili nisiwashe moto.

Ijumaa, 3 Machi 1995

Njia ya Msalaba. Mvua kidogo.

Koroboi naizima mara nimalizapo kula. Rozari haihitaji mafuta. Majani ya chai ya asubuhi nayakausha juu ya sahani, jioni nayachemsha tena. Betri za redio nimezianika juu ya jiwe, zipate jua – jana zilinipa nusu ya taarifa ya habari, kisha sauti ikazama kama mtu aendaye mbali huku anaongea.

Nyumba kimya. Nimejikuta nawasalimu kuku wa jirani.

Jumapili, 5 Machi 1995

Jambo jipya.

Mama Severine tunatumia ua mmoja naye, mlango wake unatazamana na wangu. Mhaya, mjane wa karani wa bandarini, chumba amepanga. Kwa miaka yote tumeishi kwa salamu. Leo baada ya Misa alisimama katikati ya ua, mwiko mkononi, akatazama jiko langu likifuka upande huu na lake likifuka upande ule.

"Mwalimu," akasema, "majiko mawili kwa midomo miwili ni anasa. Tuweke moja hapa katikati. Leo mkaa wako, kesho wangu. Mwenye zamu ndiye achague chakula."

Nikasema nitatafakari. Akasema nitafakari haraka, maana wake unaungua.

Nimetafakari. Uani ni mahali pa wazi, milango yote itakuwa wazi, kila apitaye ataona. Sioni kosa. Na uokoaji ni dhahiri.

Jumanne, 7 Machi 1995

Zamu yangu. Nilinunua mapanki – vichwa na migongo ya sangara inayotoka viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Mama Severine alilitazama sinia kwa muda. Kwao Bukoba, alisema, samaki asiye na mwili wangempa paka, na paka angeuliza maswali. Nikamwambia mwili umepanda ndege, sisi tumeachiwa fikra na uti wa mgongo. Akasema basi hiyo ndiyo sehemu ya nshomile, wasomi wa kwao, akakaa.

Mchuzi ulikuwa mzuri. Alinyonya kila mfupa kimya kimya, kwa adabu kubwa.

Kumbe ana maarifa. Chakula kikiiva, hauachi moto ufe wenyewe. Hunyunyizia makaa maji, huyaanika, kesho yanawaka tena. Nami nikamwonyesha vidonge vyangu: vumbi la mkaa na udongo wa kichuguu, unaviringisha, unakausha. Huwaka polepole sana, lakini huwaka. Akauliza kama hilo nalo lilikuwa somo chuoni. Nikamwonyesha pia kikapu cha majani makavu: maharage yakichemka kidogo tu, unaepua chungu, unakizika humo, unakifunika blanketi kuukuu, yanajimalizia bila moto.

Nilicheka mara moja, sikumbuki kwa lipi. Sauti ilinishtua.

Jumapili, 12 Machi 1995

Zamu yake. Ndizi za kupika, na dagaa. Nilipouliza kwa unyenyekevu kama kuna unga, alisema Msukuma na ugali ni kama padre na masifu yake – hawezi kulala kabla hajautimiza.

Hakupika ugali. Nililala vizuri.

Alhamisi, 16 Machi 1995

Betri zimekufa kabisa. Sikuzianika.

Baada ya kula tuliketi mpaka makaa yakawa meupe. Alisimulia jinsi marehemu mumewe alivyoijua kila meli kwa honi yake, akiwa kitandani, kabla hawajaiona. Siku hizi magugu maji yameziba gati, honi zinalia kwa kulalamika tu. Nikamweleza habari za Evelina na kwaya. Muda mrefu sijalitamka jina hilo nje ya sala.

Jumapili, 19 Machi 1995

Baada ya Misa alikuja Antoni, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo. Ni mtu mwema. Nilimfundisha katekisimu yeye na mkewe Getruda. Shikamoo, marahaba. Akazungumzia mvua. Akazungumzia paa la kigango. Akazungumzia mvua tena. Kisha akakaza macho kwenye viatu vyake.

"Watu wanauliza, Mwalimu. Si mimi. Moto si kitu, moto hata majirani huazimana. Lakini chungu ni kimoja."

Kwetu Usukumani mji ni wale wanaokula chungu kimoja. Hayo si maneno ya walevi, ndiyo maana yenyewe ya mji. Na ni mimi niliyesimama mbele ya vijana mwaka baada ya mwaka nikisema: wanaopikia chungu kimoja, waje tuwaandikishe ndoa. Antoni mwenyewe nilimwambia hivyo. Alikuja na Getruda wiki ileile.

Nimemwambia ameleta neno kwa heshima, nami nitalishughulikia.

Sikula jioni hii. Nilimwambia Mama Severine nina mfungo.

Jumatatu, 20 Machi 1995

Nimepata njia. Moto utabaki mmoja, uani, kama mwanzo. Lakini kila mtu na chungu chake: kwanza chake, kikiepuliwa, changu. Hapo hakuna mji, kuna majirani wanaoazimana moto.

Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyoandika hapa. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Aliendelea kuchagua.

"Moto mmoja, vyungu viwili," akasema hatimaye. "Na moshi je, Mwalimu? Tuugawe nao?"

Kisha akanyanyuka akaleta chungu chake.

Ijumaa, 24 Machi 1995

Lazima niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anisomaye.

Chungu cha kwanza kikiiva makaa yamekwisha nguvu. Inabidi kuongeza kwa ajili ya cha pili. Tunakaa pale muda mara mbili. Tunaunguza mkaa mwingi kuliko kila mtu alipokuwa na jiko lake. Hatuokoi chochote.

Leo, akipuliza moto uliochoka, Mama Severine aliuliza bila kuinua kichwa: "Tunaokoa, eti Mwalimu?"

"Tunaokoa," nikasema.

Akaongeza mkaa.

Jumapili, 2 Aprili 1995

Mvua usiku kucha. Asubuhi hakutoka. Nikaita, akajibu ni malaria tu, ameshameza dawa. Hospitalini hakwenda – sasa mtu anachangia gharama, hata ya kadi.

Nilimpikia uji, nikaupeleka mlangoni. Sikuingia. Mlango ulikuwa wazi, naye amejifunika khanga mbili kitandani. Nilipoinama kuweka bakuli nikaona chini ya meza jiko la mafuta ya taa. Jipya. Tambi zake nyeupe kabisa, hazijawahi kuguswa na moto. Kando yake chupa ya mafuta, imejaa hadi shingoni.

Aliona nilichokiona. Mwanawe Severine ndiye aliyelinunua, akasema, Krismasi.

Nikaliweka bakuli sakafuni.

"Linanuka," akasema.

Nikasema ni kweli, mafuta ya taa hunuka, na chakula hushika harufu. Akasema ndivyo. Nikarudi zangu.

Nimeketi muda mrefu hapa. Mvua imekatika. Tangu Krismasi, na alikuwa akinunua mkaa kwa kopo lile lililobonyea.

Ijumaa, 7 Aprili 1995

Amepona. Amekonda. Aliusema uji wangu: eti ulikuwa mzito kiasi kwamba malaria ilikwama humo.

Jumapili, 9 Aprili 1995

Jumapili ya Matawi.

Mkwe wangu Luhaga, mume wa binti yangu Winnie, aliingia uani kutoka Geita na lori lake. Shikamoo baba, magoti kidogo, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Kijana mwenye adabu. Akashusha magunia mawili ya mkaa, marefu, yamefungwa kwa majani juu. Akayasimamisha kando ya mlango wangu.

Nilishukuru. Nikauliza kulikoni. Akaeleza: Getruda wa Antoni huenda Geita na mitumba yake; alimkuta Winnie sokoni, wakaongea. Winnie alilia siku hiyo.

"Anasema, baba asikae tena kwenye moto wa watu."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida. Ua ni mdogo. Mama Severine alikuwa pale pale, ananyunyizia makaa ya mchana maji. Hakugeuka. Alimaliza kuyanyunyizia, akayapanga juani, akanawa mikono. Kisha akachukua chungu chake.

"Mungu ambariki binti yako, Mwalimu," akasema. "Sasa una wako."

Mlango wake haufungwi kwa nguvu. Ulifungwa taratibu.

Jumatatu, 10 Aprili 1995

Jioni, harufu ya mafuta ya taa.

Jumanne, 11 Aprili 1995

Nilibisha hodi kwake asubuhi. Nikampa gunia moja, awe na lake. Akakataa. Nikasema basi tuendelee na zamu kama zamani, siku moja mkaa wangu, siku moja wake.

"Zamu ni ya watu wenye upungufu," akasema. "Wewe umeshiba mkaa. Nikija, nitakuja kuota moto wa mtu. Binti yako amesema kweli, ila amekosea mtu."

Nikalivuta gunia kurudi mlangoni kwangu.

Nimepika ugali na mchicha. Moto mkubwa, mzuri. Nimepima kwa ajili ya wawili tena. Nusu ipo kwenye sufuria, imefunikwa.

Jumatano, 12 Aprili 1995

Nilimwita Antoni. Nikamwambia magunia hayo mawili ni mchango wangu wa Kwaresima, ayagawe kwa kaya za jumuiya zisizo na kitu. Akastaajabu. Yote, Mwalimu? Yote. Akasema mimi ni mfano kwa vijana. Alikuja na mkokoteni, akayabeba, ua ukabaki na alama mbili nyeusi ukutani.

Winnie ataumia. Nitamwelezaje?

Wala sijui kama ni sadaka. Sadaka hutolewa bila kutarajia malipo. Mungu anajua nilichokuwa nakinunua.

Mama Severine alikuwa anaanika nguo. Aliutazama mkokoteni ukitoka. Shuka moja alilianika, akalianua, akalianika tena.

Alhamisi, 13 Aprili 1995

Alhamisi Kuu. Misa ni saa kumi na moja jioni. Mimi ni mmoja wa wazee kumi na wawili watakaooshwa miguu. Antoni atanipitia saa kumi. Atapita hapa hapa uani.

Naandika daftari likiwa gotini. Nimeliweka jiko katikati, mahali pake. Mkaa sina, nimewasha vidonge vya vumbi. Vinawaka kwa uvivu, mvuke wa udongo, kisha wekundu kidogo katikati.

Nimetoa chungu cha Evelina, kile kikubwa. Sijakigusa tangu mazishi. Maharage yamo humo tangu saa sita, yamelowekwa usiku. Chungu changu kidogo kiko ndani, juu ya rafu. Sikukitoa.

Najua Antoni ataona nini. Nimekuwa nikitunga sentensi ya kumwambia, tangu alfajiri, na kila inayokuja ni ya mwalimu. Labda nimwache tu aone.

Kwa hesabu yetu ya zamani leo ni zamu yake.

Tangu asubuhi sijasikia harufu ya mafuta ya taa. Mlango wake umefungwa, lakini ndani kuna mtu anayetembea: anakwenda dirishani, anarudi. Kitu kama beseni kimewekwa chini. Kimeinuliwa.

Maharage yameanza kuchemka. Huu ndio wakati wa kuyaepua na kuyazika kikapuni, yajimalizie bila moto. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Kikapu sijakileta. Leo acha yachelewe.

Saa tisa na nusu. Kitasa cha mlango wake kimeguswa, kikaachwa.

Nimeongeza maji chunguni.