Mama Astrida Anapekua Takataka Zetu

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kutoka Mangobo, ambako jua linakausha nguo na mvua inazilowesha kabla hujazianua.

Jana kwenye semina yetu ya wauguzi, profesa alimaliza asubuhi nzima akieleza kwamba walinzi wa mwili, yaani chembe za kinga, hawaingii ovyo kwenye ubongo. Wanakaa nje, katika ngozi nyembamba zinazouzunguka, wanapekua maji machafu yanayotoka ndani. Wakikuta kitu kibaya, wanaita wenzao. Asubuhi nzima! Angemleta tu Mama Astrida, jirani wa tonton, mjomba wetu ninayeishi kwake. Haingii kwetu kamwe, lakini kila siku anasoma takataka zetu kama gazeti. Anajua nani hakumaliza pondu, majani yake ya muhogo.

Nilimcheka sana. Leo amesimama mlangoni, ameinua pakiti yangu ya dawa ya malaria, vidonge viwili bado vimo. Homa ilikuwa imeshuka na dawa ilinitia kichefuchefu, basi nikaitupa.

"Huyu njo infirmière wenu?" akapaza sauti kunisuta mimi muuguzi, mtaa mzima usikie. "Malaria ikipanda ku kichwa, tutamurudishia mama yake mu sanduku?"

Mimi, ninayewagombeza wagonjwa kwa kosa hilohilo! Nimemeza vyote viwili mbele ya umati, kisha akaniamuru nifungue kinywa ahakikishe.

Yaya, tangu utoto unapekua mfuko wangu, nami nakuita mbea. Nikirudi Bukavu nitauacha wazi.

Mdogo wako akupendaye,
Neema