Saa ya Mpishi na Ripoti ya Binti Yako

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Jumamosi, 14 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Goti lake limekubali kupanda ngazi, au bado analibembeleza? Sisi huku wazima. Shemeji yako ana kikohozi kidogo, lakini kwa anavyolalamika ungedhani ameshaanza kugawa nguo zake. Cherehani yangu imepata mota mpya na mimi nimepata miwani mipya, kwa hiyo ukishindwa kusoma mwandiko huu, mwenye macho mabovu ni wewe.

Ningeweza kukupigia simu, ila kwenye simu wewe hukatiza watu, na jambo hili nataka ulisikie lote. Barua inaondoka kesho na jirani yangu muuguzi anayekuja huko kwenu.

Ni kuhusu binti yako. Usishtuke, ni mzima. Yuko kwangu likizo wiki ya tatu sasa, anakula vizuri na amenipangia vifungo vyangu vyote kwa rangi bila kuombwa. Kuna jambo anaogopa kukuambia. Nimemwomba ruhusa nikutangulizie, akakubali kwa shingo upande.

Ile ripoti yake uliyowatumia ukoo mzima imeondolewa. Ameiondoa mwenyewe. Na kile cheo cha mkuu wa waangalizi, ambacho wewe ulikitangaza kabla hakijafika, kimekwenda kwa mwingine.

Sasa tulia nikueleze kama nilivyoelezwa, juu ya meza yangu ya kushonea, kati ya vipande vya vitambaa.

Unajua kwamba wanasimamisha mitambo ya umeme wa upepo baharini. Kila mtambo una nguzo ya chuma inayopigiliwa chini kabisa kwa nyundo ya mashine, na mshindo wake majini unafika mbali. Kazi ya binti yako, Chiriku wetu, ni kujua wanyama wanafanya nini mshindo ukianza. Yule mtoto aliyekuwa akiongea hata na chakula mdomoni, sasa anakaa kwenye sitaha ya meli saa nzima bila neno, darubini machoni, kabla nyundo haijaruhusiwa kuanza. Akiona pomboo karibu anainua mkono, na wanaume wazima na vyeti vyao wanasubiri. Nilimuuliza anaandika nini siku asiyoona kitu. Akasema anaandika kwamba hakuona kitu, na saa, na hali ya mawimbi. Mimi ningesinzia.

Pia huzamisha, mbali na meli, vifaa vidogo vinavyonasa milio ya pomboo, hiyo peke yake, si mshindo wa nyundo. Kila kifaa kina saa yake ndani, na lazima ipangwe kwa saa ya chumba cha nahodha. Siku ya kuvipanga mvua ilikuwa inamwagika, vifaa viko mezani kwenye chumba cha kulia, naye ana haraka. Akainua macho, akaona saa ya ukutani juu ya dirisha la kupitishia sahani, akapanga vyote kwa hiyo. Meli ilikuwa ngeni kwake. Hakujua kwamba mpishi wa pale huisogeza saa yake mbele ili watu wawahi chakula kikiwa moto. Dakika thelathini na nane. Mimi nilisema arobaini, akanisahihisha.

Basi matokeo yakatoka matamu mno. Kwa saa ya wahandisi, nyundo imeanza. Kwa vifaa vya Chiriku, pomboo bado wapo, wanaendelea na shughuli zao zaidi ya nusu saa. Kampuni ikafurahi, ikaanza kuomba iruhusiwe kuacha pazia la mapovu. Hilo ni bomba lenye matundu wanalolizungushia nguzo chini ya maji, likasukumiwa hewa, mapovu yakapanda na kupunguza kelele. Linawachelewesha, na ripoti ya binti yako ilisema pomboo hawajali.

Kisha mpishi akaenda likizo, akaja mwingine, akairudisha saa sawa. Chiriku alipoona imebadilika akauliza tu kwa mazoea. Alipojibiwa, akaacha sahani yake mezani akaenda kufungua hesabu zake.

Alirudia hesabu za msimu mzima, siku tatu, peke yake. Alinionyesha kwenye kompyuta. Milio imebanana kama mshono wa cherehani, nyundo inapiga mara ya kwanza, halafu kitambaa kitupu mpaka kesho yake. Pomboo wengine walikuwa na watoto wachanga.

Nasema kweli, ningekuwa mimi ningetafuta pa kujificha. Yeye alipiga moyo konde, akaomba kikao, akasimama mbele ya kampuni na wakaguzi wa serikali, akasema ripoti si sahihi na kosa ni lake. Hakumtaja mpishi kwa ubaya, alisema saa ile haikuwekwa ukutani kwa ajili ya sayansi. Mhandisi mkuu akamuuliza, “Ungenyamaza, nani angejua?” Akajibu, “Mpishi.” Wakacheka, hata yeye mhandisi, na pazia la mapovu likabaki.

Cheo ndicho hakikubaki. Anarudi kazini mwangalizi wa kawaida, chini ya mwenzake aliyemfundisha mwenyewe. Hilo halimlizi. Anachoogopa ni wewe. Ameandika ujumbe wa kukutumia mara nne, akaufuta mara nne. Anasema ulikuwa hujawahi kuisifu kazi yake mpaka ripoti ile, na sasa hana ripoti.

Mdogo wangu, nimemlea mtoto huyu nusu ya maisha yake na nilidhani namjua. Simjui. Namvulia kofia, na mimi ni mtu mgumu wa kusifu, wewe shahidi.

Nisalimie wifi na goti lake, wanangu mapacha, na yule mkwe wako fundi bomba. Shemeji yako anawasalimu, katikati ya kikohozi. Mungu awafunike nyote kwa amani, na riziki isiwapige chenga.

Chiriku anapanda meli Alhamisi, na kule simu haishiki. Mpigie kabla ya hapo. Usianze na cheo, wala ripoti. Muulize huwa anaona nini huko baharini. Mimi nilimuuliza wiki hii kwa mara ya kwanza, akaeleza mpaka chai ikapoa mara mbili, kisha akaniambia kwamba miaka sita ya kazi hii, baba yake hajawahi kumuuliza.

Dada yako, akupendaye hata usipojibu barua.