Kifuniko Kwenye Msumari wa Kumi na Nne

Nyumba ya Urithi,
Senta ya Osuret,
karibu na Malaba.
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa dada yangu mpendwa Akiror,

Nakusalimu wewe, shemeji Okwara na wote wa boma lenu huko Sigalame. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba mguu wa shemeji umepungua uvimbe tangu tulipoongea. Sisi huku tunapumua. Mama anakula vizuri asubuhi, jioni hana hamu. Macho yake ni yale yale. Nilimpeleka kliniki tarehe 22 Mei wakamwongezea dawa ya matone, nami humtilia mwenyewe kwa sababu akijitilia yanaishia shavuni.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Uliponipigia Ijumaa ukaniambia kuna mtu wa Mbale aliyemwona ndugu yetu Egwang sokoni, na kwamba utavuka mpaka tarehe kumi na tano kwenda kumtafuta, nilisema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Nilikata mimi. Yale niliyotakiwa kukuambia siwezi kuyasema huku nikisikia pumzi yako. Barua hii inaletwa na Naliaka, tunayefanya naye kazi, ana dada yake ameolewa Funyula. Hajui kilichoandikwa humu.

Nianze na habari za kazi, kwa maana ndiko jambo lilikotokea.

Nyumba yetu ya urithi haijakua sana tangu ulipoiona siku ya ufunguzi. Bado ni lile ghala la zamani la pamba, ila sasa paa halivuji upande wa mashariki. Vitu vilivyoandikishwa vimefika mia moja na sita. Vya mlangoni ni vya nyumbani: mawe ya kusagia, vibuyu, chungu cha pombe pamoja na mirija yake mirefu. Chungu tumekizungushia kamba. Mwezi jana mzee mmoja kutoka Amagoro alisimama mbele yake akamuuliza Naliaka chungu hicho kimefanya kosa gani hata kifungwe, na kesi yake itasikizwa lini. Naliaka akamjibu kwamba dhamana imekataliwa kwa sababu mashahidi wote wamelewa. Ndivyo alivyo. Watoto wa shule wakimuuliza dhahabu iko wapi, huwaambia dhahabu ilienda Nairobi, sisi tulibakiziwa mashimo.

Chumba cha ndani ndicho cha machimbo. Kuna makarai, nyundo za kupondea mawe, magunia ya kuchujia, ngazi ya miti iliyotolewa katika shimo namba mbili, na jozi moja ya mabuti isiyo na mwenyewe. Ukutani kuna ubao wa misumari. Karibu yake, ndani ya kabati la kioo, kuna lile daftari nililokuwa nikiandika nilipokuwa karani wa shimo. Maelezo yote niliyaandika mimi kwa mkono, kwa Kiswahili na Kiteso.

Huenda hukuwahi kuelewa ule ubao, kwa hiyo nieleze. Wachimbaji wengi hawakusoma, basi kila mmoja alikuwa na kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, chenye tundu na alama yake. Akishuka, anakitundika kwenye msumari wake. Akitoka, anakichukua na kukivaa shingoni kwa kamba kabla hata ya kunywa maji. Shimo likiharibika, watu hawaulizani. Wanahesabu vifuniko na kuchimba mpaka hesabu itimie. Sheria ilikuwa moja tu, na hata mwenye shimo aliifuata: hakuna mkono unaogusa kifuniko cha mtu mwingine. Mimi nilikuwa nikiandika tu jina na saa kando ya kila msumari.

Sasa, Alhamisi iliyopita, tarehe tano, saa nne na robo, kilikuja kikundi cha akina mama wa kanisa, kumi na wawili, wakiwa na sare zao. Nilikuwa nimeinamia kitabu cha wageni. Nilipoinua kichwa nikamwona Alaso, mke wa ndugu yetu. Sikuwa nimemwona tangu siku ile aliporudishwa kwao. Amekonda. Alinisalimu kwa adabu, akaniita shemeji mbele za wenzake, akaniambia mtoto wao Cindy yuko darasa la tano na anapenda hesabu kama mimi.

Naliaka akawaingiza chumba cha ndani na kuanza maelezo yake ya ubao. Nilimsikia akiwatania kwamba wanaume wa Osuret walikuwa wakikumbuka kifuniko kuliko walivyokumbuka siku ya harusi, na akina mama wakacheka. Halafu kicheko kikakatika. Nilipofika mlangoni, Alaso alikuwa amesimama mbele ya msumari wa kumi na nne. Alisema kile ni cha Egwang. Lile jua dogo alilichora yeye mwenyewe kwa msumari, jioni moja, akiwa na mimba ya Cindy.

Naliaka, bila ubaya wowote, akasema basi vizuri, sasa tutaweza kuandika jina la mwenyewe. Alaso alinigeukia. Aliniuliza mimi. Aliuliza taratibu kama mtu anayeuliza njia: ikiwa aliyetoka huondoka na kifuniko chake shingoni, na Egwang alitoka akavuka kwenda Uganda, kifuniko hiki kimefikaje hapa?

Nilimwambia vingine viliokotwa chini baadaye, watu walikuwa wakividondosha. Kisha akaomba akishike kidogo tu. Nami, Akiror, nikamwonyesha lile tangazo langu linalosema wageni wasiguse vitu vya maonyesho.

Akarudisha mkono. Mama mmoja mnene wa kikundi akaniuliza kwa sauti kubwa kama kitabakia na alama za vidole au nini, maana mume ni wa mwenzake na kopo lilikuwa la jikoni kwake. Wengine wakaguna. Waliondoka bila kumaliza.

Siku iliyofuata ndipo ukanipigia habari za Mbale.

Unajua naandika shajara tangu kidato cha pili. Usiku huo niliitoa ile ya mwaka 2017, ambayo sikuwa nimeifungua tangu mwaka huo uishe. Nakunakilia, dada, ili usidhani nakumbuka vibaya au najipunguzia.

“Jumanne, 14 Machi. Shimo namba mbili limeanguka saa saba kasoro dakika tano. Watatu. Wote wametolewa, hakuna aliye hai. Hesabu imetimia.”

“Jumatano, 15 Machi. Ochom anasema amesikia kugongwa chini. Nimemwonyesha daftari. Shimo limefukiwa jioni.”

Hayo mawili tu. Sasa nitakuambia kilichokuwa kati yake.

Unamkumbuka Egwang alivyokuwa msahaulifu. Alikuwa akitoka shimoni anaenda moja kwa moja kwenye chakula na kuacha kifuniko kinaning'inia. Mara mbili kazi ilisimama kwa sababu yake, watu wakamtafuta chini na kumbe anakula maharagwe. Walimtukana, na mimi nilimkaripia zaidi kwa kuwa ni ndugu yangu na aliniharibia ukurasa. Nilipenda kuufunga ukurasa wa asubuhi ukiwa safi kabla sijaenda kula. Siku ile saa sita na dakika arobaini waliokuwa chini kwa hesabu ya ubao walikuwa wanne. Nikatazama nguzo aliyokuwa akitundikia jaketi lake la buluu. Halikuwepo. Nikajua katoka, kasahau tena. Nikakitoa kifuniko kwenye msumari kwa mkono wangu, nikakitia mfukoni ili nimtupie usoni tukikutana kwenye chakula, nikaandika: Egwang, ametoka, 12.40.

Baada ya robo saa ardhi ikakaa chini.

Watu walihesabu vifuniko vitatu, wakachimba watatu. Mimi nilishika kamba kama wengine, na nakuapia kwamba mpaka saa kumi niliamini Egwang yuko juu, mahali fulani katikati ya ule umati. Saa kumi na nusu mzee Ochom, mmoja wa wachimbaji, akanijia akiwa amebeba jaketi la buluu. Alisema nimrudishie ndugu yangu. Alilichukua pale nguzoni mchana manyunyu yalipoanza, na hakupata nafasi ya kumwomba kwa kuwa Egwang mwenyewe alikuwa chini.

Nikaingiza mkono mfukoni, kifuniko kikiwa humo.

Wakati uleule mwenye shimo alikuwa akiniita. Kingo zilikuwa bado zinamomonyoka, watu walikuwa wamechoka, na maiti tatu zilikuwa zimelazwa kwenye magunia. Aliniuliza mbele ya wote kama kuna mtu amebaki. Nilitazama nyundo na sururu zilizokuwa mikononi mwao. Nilifikiria wakijua kwamba nimegusa kifuniko watanifanya nini. Nikasema kwa daftari, hakuna.

Nilijiambia nitasema wakitulia. Sikusema. Asubuhi yake Ochom ndiye aliyekuja, peke yake, akaniambia amelala na sikio chini na amesikia kitu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Ndipo nikamfungulia daftari nikamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, kwamba kila aliyeshuka ametoka. Hakujua kusoma. Alilitazama lile daftari kwa heshima kama linavyotazamwa la kanisani, akasema basi karani, labda ni masikio yangu ya uzee. Alifariki mwaka juzi, na hajui kwamba masikio yake yalikuwa mazima.

Jioni wakafukia. Mlipoanza kumuulizia Egwang, ni mimi niliyesema kwamba alitoka mchana, na kwamba siku hizo alikuwa akizungumzia kuvuka mpaka. Neno la Uganda lilitoka kinywani mwangu. Ninyi mliliongeza tu. Mliposema Alaso ndiye aliyemchosha kwa maneno hata akakimbia, nilikuwa nimekaa pale pale sebuleni. Ulipomtolea masanduku yake barabarani na mtoto yuko mgongoni, ulinigeukia ukaniuliza kama kuna lolote ninalojua. Nikasema sijui. Kosa la siku ile, dada, usilibebe. Ulifanya kwa yale niliyokupa.

Kifuniko nilikificha ndani ya godoro kwa miaka sita. Nyumba ya urithi ilipofunguliwa wakaomba vitu vya machimbo, nilikileta na kukitundika pamoja na vingine. Nilidhani katikati ya vifuniko ishirini na tisa hakitaonekana, na nyumbani kwangu kitakuwa hakipo.

Basi usiende Mbale. Yule aliyeonekana sokoni ni mtu mwingine, na wale wote wa Tororo na Soroti uliowafuata kila Desemba walikuwa watu wengine. Ndugu yetu yuko hapa Osuret, hatua kama mia nne kutoka meza ninayoandikia, chini ya lile shamba la mihogo lililolimwa juu ya shimo namba mbili.

Nimeanza na wewe kwa kuwa ndiwe uliyetulea. Usimwambie Mama, nitamwambia mimi mwenyewe Jumamosi asubuhi, tarehe kumi na nne, na ningependa uwepo ili awe na mtu wa kumshika. Kutoka hapo nitakwenda kwao Alaso kwa miguu. Kifuniko nitampelekea. Nimekwisha kukifuta katika orodha ya vitu vya maonyesho, na kwenye karatasi ya maelezo ya ubao, panapotajwa waliokufa siku ile, nimefuta neno “watatu” nikaandika “wanne”. Naliaka ameuliza wa nne ni nani. Nimemwambia atajua Jumatatu. Jumatatu hiyo nitapeleka daftari na shajara polisi, wafanye wanavyoona.

Wazee watasema huwezi kuzika hewa, na kufukua shimo lile sasa hakuna atakayekubali. Watataka uzikwe mgomba mahali pake, kama alivyofanyiwa mjomba aliyepotelea ziwani. Ukatwe ulio na kimo chake. Alinizidi kwa kichwa kizima. Alaso awe wa kwanza kutupa udongo, akikubali kuja. Mkiniruhusu kushika jembe, kaburi nitalichimba peke yangu. Msiponiruhusu, nitasimama barabarani mpaka mmalize.

Nisalimie shemeji Okwara na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Waambie mjomba wao anawakumbuka. Mengine utawaambia wakikua, au uwaambie sasa, ni hiari yako. Simu yangu nitaizima mpaka Jumamosi, si kwa hasira. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi mdogo wako,
Victor Ongodia
aliyekuwa karani wa shimo namba mbili.