Pampu Iliyokutwa kwa Kija

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Sumbawanga
Tarehe: 6/4/2023, saa 3:20 asubuhi
Jina: Felisiani Isdori
Umri: Miaka 54
Kabila: Mfipa
Dini: Mkristo Mkatoliki
Kazi: Fundi wa magari
Makazi: Kasense, Sumbawanga
Kuhusu: Wizi wa vipuri vya gari la kijiji cha Nsololo. Mtuhumiwa ni Kija Luhende, yupo mahabusu.

Mimi ndiye niliyeandikwa hapo juu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe baada ya kusikia kwamba Kija yuko ndani siku ya tatu leo, kwa sababu ya pampu ya dizeli iliyokutwa nyumbani kwake. Pampu hiyo naijua kuliko mtu yeyote mkoani humu, na nataka Kija atoke. Afande ameniambia nianze mwanzo na nifuate tarehe, basi naanza mwanzo.

Mnamo mwezi Mei mwaka 2022 niliitwa kijijini Nsololo, ambako ndiko nilikozaliwa. Aliyeniita ni mzee Valerian, mnunuzi wa mahindi, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya gari la kijiji. Gari lenyewe ni Land Rover ya dizeli, One-Ten, waliyoiacha watu wa mradi wa maji walipoondoka. Ina miaka zaidi ya thelathini. Asubuhi za baridi ya kwetu ilikuwa haiwaki mpaka uwashe moto wa mabua chini ya injini, na stata ilishakufa, kwa hiyo ililazwa kwenye mteremko siku zote ili isukumwe. Milima ilipanda kwa kuombewa. Lakini ilikuwa inafika. Ilibeba wajawazito na wagonjwa, ikabeba na maiti, na hakuna mtu aliyeitamani.

Kijiji kilitaka litengenezwe upya, ila walikataa kuchanga fedha, maana fedha za bati za shule zilishaota miguu wakaziangalia zikiondoka. Mkutano ukaamua kwamba mimi niandike orodha na kila kundi la nyumba lilete kifaa mkononi. Akina mama wa kwaya walileta stata. Nyumba nne zilileta tairi za makashata, zile zenye meno makubwa ya kukamata tope, kila nyumba tairi moja. Wengine walileta springi nzito na shokapu, wengine betri, wengine bomba la kupumulia la kupandisha hadi usawa wa paa ili gari livuke mito bila injini kunywa maji.

Kilichobaki kilikuwa pampu ya dizeli, na hiyo kila mtu aliikwepa kwa ukubwa wa bei yake. Aliyeichukua ni Kija. Kija ni mfugaji, alihamia kwetu kutoka Shinyanga, anakaa upande wa malisho, na wapo wanaomwita mgeni mpaka leo ingawa ana miaka kumi na moja pale. Alipeleka dume lake mnadani, akaenda mwenyewe Tunduma, akakataa pampu ya mtumba, akarudi kwa basi, ameipakata magotini safari nzima. Mke wake Minza alikuwa ameshaharibikiwa mimba mara moja njiani, kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kija aliniambia, "Fundi, hii ifunge wewe mwenyewe. Mtu mwingine asiiguse." Niliifunga mwenyewe.

Kazi hiyo ilinichukua miezi mitano. Nilipasua injini yote, nikatengeneza giaboksi, nikanyoosha chesisi, nikafunga kila kilicholetwa. Tarehe 12/11/2022 niliwasha kwa ufunguo mbele ya kijiji kizima, ikaitika mara moja bila moshi. Watu walipiga vigelegele. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi mwaka ule nilisifiwa sana. Naeleza hivyo kwa sababu afande ameniuliza kwa nini nilikubali kwenda Kipili, kule ziwani. Nitafika hapo.

Kamati iliweka sharti kwamba wakati wa mvua gari halilali nje ya kijiji. Sharti hilo aliliandika Valerian kwa mkono wake. Lakini gari lilipopona ndipo lilipopata wapenzi. Mvua za mwaka huu zilipoharibu barabara ya ziwani, magari ya watu yalikwama wiki nzima, na letu lilipita kwenye tope kama halioni. Wafanyabiashara wa dagaa wakaanza kumtafuta Valerian. Januari lilikwenda Kipili mara moja, Februari mara tatu. Likiwa bovu lilikuwa la kijiji. Mimi ndiye niliyelifanya zuri, likawa lake.

Mnamo tarehe 13/3/2023, siku ya Jumatatu, Valerian alinipitia Kasense akaniambia anashuka Kipili na angependa fundi awepo. Nilijua sharti. Nilijua pia kwamba mimba ya Minza imefika siku zake, kwa sababu Kija mwenyewe aliniambia wiki moja kabla. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona springi zangu zinavyobeba. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine, na naomba iandikwe hivyo hivyo.

Tarehe 14/3/2023, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, tulikuwa mwaloni Kipili, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tunapakia magunia ya dagaa. Simu ya Valerian ililia. Alitazama jina, hakupokea. Ikalia tena. Akanipa mimi akasema, "Wewe ndiye fundi. Waambie pampu imekufa." Nilipokea. Alikuwa Kija. Alisema, "Fundi, Minza anavuja damu. Mnafika saa ngapi?"

Nilimwambia pampu imekufa lakini naihangaikia, wanipe saa moja.

Gari lilikuwa linanguruma nyuma yangu wakati nasema maneno hayo. Ilibidi nisogee kwenye mitumbwi ili Kija asilisikie. Tungemwaga magunia palepale na kuondoka, tungefika Nsololo saa sita kasoro. Hata kama tusingeondoka, ningemwambia tu kwamba tuko mbali, angefunga ng'ombe saa ile ile. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi niliirefusha kwa mtu mwingine. Kija aliisubiri saa yangu moja. Akapiga tena, Valerian akazima simu. Kija akasubiri tena, kwa kuwa fundi amesema anahangaika, na fundi huyo anamwamini.

Mengine sikuyaona, nimeelezwa na Redempta, mkunga wa pale kijijini, aliyekuwa naye. Walimpandisha Minza kwenye mkokoteni saa nne na nusu. Mvua ilikuwa inanyesha. Alifariki njiani saa nane mchana pamoja na mtoto, kabla hawajafika barabara kuu. Redempta anasema Kija hakulia. Aligeuza ng'ombe.

Sisi tulirudi jioni ya siku hiyo. Valerian alinipa debe la dagaa. Niliwala.

Tarehe 15/3/2023 nilikuwa mazikoni. Valerian alisimama akasema kwamba chombo ni chombo, hata kikiwa kipya kinaweza kufa, tusimlaumu mtu. Watu wakamtazama Kija, maana pampu ni yake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, na nilitazama chini. Sijawahi kujichukia kama saa ile, lakini kujichukia hakukunifungua mdomo.

Mnamo tarehe 2/4/2023, Jumapili ya Matawi, nilitoka Kasense alfajiri kwa pikipiki yangu nikafika Nsololo saa moja na nusu. Gari lilikuwa uani kwa Valerian. Yeye na watu wake walikuwa wamekwenda kwenye maandamano ya matawi na misa, ambayo siku hiyo huwa ndefu. Nilifungua boneti nikaanza kazi. Wazee waliobaki nyumbani waliniona, wakanisalimia, nikawaamkia. Fundi kulala chini ya gari si habari. Nilitoa pampu, stata, betri, shokapu, bomba la kupumulia na tairi zote nne, nikaliacha gari juu ya mawe. Kisha nikachukua toroli, nikarudisha kila kifaa kwenye nyumba iliyokileta. Palipokuwa na mtu nilimkabidhi, pasipo na mtu nilikiweka barazani. Afande ameniuliza majina ya nyumba hizo. Sitayataja.

Sikuvunja kitu wala sikukata waya. Hata nati nilizirudisha mahali pake kwa vidole ili zisipotee. Niliona kwamba kama gari si la kijiji tena, basi vifaa virudi kwa wenyewe. Ndivyo nilivyofikiri, nami sikufikiri zaidi ya hapo. Jumatatu mzee Leonidas alizidiwa, akapelekwa hospitalini kwa bodaboda, amefungwa khanga mgongoni kwa dereva asianguke. Kila nyumba ina kipande cha gari na hakuna nyumba yenye gari. Hilo nalo ni la kwangu, nisimsukumie Valerian.

Kwa Kija nilikwenda mwisho, kama saa nne na nusu. Alikuwa peke yake, amekaa mlangoni. Nilimpa pampu mikononi. Aliigeuzageuza, akaniuliza, "Ndiyo hii iliyokufa?"

Nilikuwa nimekwenda kumwambia ukweli. Nilikuwa nimeupanga tangu Kasense, neno kwa neno, juu ya pikipiki. Nikasema, "Ndiyo hii."

Akasema, "Basi nilimnunulia mke wangu pampu mbovu."

Akaingia nayo ndani akaifunga kwenye kitenge cha Minza. Mimi nilipanda pikipiki nikaondoka.

Jumatatu tarehe 3/4/2023 Valerian alinipigia simu kunieleza kwamba gari limeibiwa vifaa, na akaniuliza kwa upole nina nafasi lini ya kwenda kulitazama. Nilimjibu nitaangalia. Jumanne askari walikwenda Nsololo. Nyumba iliyopekuliwa ni moja tu, ya Kija. Tairi ziko kwenye maghala ya Wafipa wenzangu, zimefunikwa mahindi, na hakuna aliyeambiwa afungue ghala. Nimesikia kwamba Kija alipoulizwa alisema pampu ni yake, aliinunua, na hakusema zaidi. Jina langu hakulitaja. Angelitaja angelala nyumbani siku hiyo hiyo.

Naomba mambo mawili. La kwanza, Kija aachiwe leo, kwa sababu hakuiba kitu. Niliyetoa vifaa ni mimi, peke yangu. La pili, kabla hajatoka asomewe kwamba pampu ni nzima. Ilikuwa nzima tarehe 14 mwezi wa tatu, gari lilikuwa linawaka, na mimi nilijua. Muuzaji wa Tunduma hakumdanganya. Alinunua kitu kizuri. Nilipaswa kumwambia mara mbili, mazikoni na mlangoni kwake, na mara zote mbili nilishindwa, na sasa najua kwamba nikikaa naye uso kwa uso nitashindwa mara ya tatu. Ndiyo maana namtuma afande.

Nimesema yote niliyokuja kuyasema. Nimesomewa, nimeyakuta kama nilivyoyatoa, na sikushurutishwa na mtu.

Sahihi: F. Isdori

UTHIBITISHO WA ASKARI

Mimi WP 6038 Koplo Angela nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi. Kwa kuwa katika maelezo yake shahidi amekiri kutoa vifaa hivyo, nimemweleza kwamba sasa anatuhumiwa, nimempa onyo, na maelezo yake ya onyo yataandikwa peke yake. Mkuu wa kituo ameelekeza mahabusu Kija Luhende aachiwe. Pampu inabaki kituoni kama kielelezo.

Saa 6:10 mchana nilimsomea Kija sehemu aliyoomba shahidi. Aliniomba niisome tena, nikaisoma. Aliuliza fundi yuko wapi. Nilimjibu amekaa kwenye benchi la mapokezi. Akauliza kama kituo kina mlango mwingine. Nimemtoa kwa mlango wa nyuma, saa 6:25 mchana.