Dadu ya Muhogo

Bundaberg, 12 Januari

Shikamoo Baba,

Hamjambo huko kisiwani, Vunisei? Kifua chako je, bado kinakubana asubuhi? Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia nyanya za watu kutwa huku ugenini.

Baba, nina ombi, na usikasirike kwanza. Mwalimu wa Vilisi ameniandikia kwamba mwanangu haelewi kabisa hesabu za uwezekano, na mtihani uko karibu. Anasema zinaingia kichwani kwa mchezo, si kwa kukariri. Chezeni dadu jioni. Najua wewe ni mzee wa kanisa. Lakini kama hamchezei pesa, dhambi iko wapi?

Mwanao,
Litiana

Vunisei, 19 Januari

Mwanangu Litiana,

Marahaba. Kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Pole na mgongo.

Dadu! Walioipigia kura kanzu ya Bwana walikuwa na nini mkononi? Nilishakataa, ila binti yako kachonga yake kwa muhogo, kaitoboa matundu kwa msumari wa moto, kaniwekea kando ya bakuli ninalonywea yaqona. "Babu, hii si dadu, hii ni chakula." Nikacheka, nikashindwa.

Anayekosea kubashiri anaosha sufuria. Juzi sita ilitoka mara mbili mfululizo. Nikaapa haitoki tena, zamu yake imekwisha. Ikatoka! Vilisi akasema, "Babu, dadu haikumbuki. Kila ukirusha, kwake ni mara ya kwanza." Basi nikaosha. Josefa, mtani wangu, kasimama uani kwake anapiga kelele: "Mzee wa kanisa, na sufuria langu hili hapa, lina masizi!" Mjinga yule.

Ila mtoto hajanishawishi. Kitu kikishatoka, kimetoka.

Baba yako

Bundaberg, 16 Februari, asubuhi

Shikamoo Baba,

Mnaendeleaje? Mimi silali. Watabiri wanasema kimbunga kipo kaskazini yenu, na kuna nafasi moja kati ya sita kwamba kitageuka kiwapige. Nyumba yetu iko mchangani, Baba. Pandeni shuleni kilimani leo hii. Msisubiri ngoma ya kijiji ilie.

Mwanao,
Litiana

Vunisei, 16 Februari, mchana

Litiana,

Marahaba. Wazima. Jua linawaka, bahari imetulia, acha kunipandisha presha. Mwaka juzi kimbunga kilitubomolea jiko na kanisa. Zamu yetu imekwisha, safari hii ni ya wengine. Hata Josefa alikuwa anafunga mizigo. Nilipomwambia hivyo akaifungua, akanitukana kwamba ningesema kabla hajatoka jasho.

Na moja kati ya sita ni nini? Tano ni zetu.

Baba yako

Bundaberg, 16 Februari, jioni

Baba,

Niwie radhi, sijawahi kukujibu hivi tangu nizaliwe. Ni sita ileile uliyoapa haitatoka! Kimbunga hakikumbuki jiko letu. Kama mimi hunisikii, muulize Vilisi. Nakupigia, hupokei. Naogopa, Baba.

Litiana

Bundaberg, 17 Februari

Shikamoo Baba. Wanasema kimegeuka. Mko wapi?

Bundaberg, 19 Februari

Baba, hata neno moja. Vilisi, mama yangu, ukiiona hii mwambie Babu sijakasirika.

Vunisei, 24 Februari

Mwanangu Litiana,

Tu hai. Vilisi mzima, kachubuka goti tu. Mnara wa simu ulianguka. Naandika kwa simu ya watu wa boti ya msaada, nivumilie.

Jioni ile nilimsomea Vilisi maneno yako. Nikamwambia, haya, lete dadu, ikitoka sita tunapanda. Akaificha nyuma ya mgongo. "Hapana, Babu. Hili si la kurusha. Tukipanda bure, tumechoka miguu tu. Tukibaki na ikatoka sita, nani ataosha sufuria?" Alikuwa analia. Nikamshika mkono tukatoka.

Nilipita kwa Josefa. "Twende, nilikosea." Akacheka mpaka akashika mlango. "Umeona nimeshafungua mizigo, sasa unataka niifunge tena! Zamu yetu imekwisha, si umesema mwenyewe?" Nikaapa. Akazidi kucheka. Sisi ni watani, Litiana, tangu utoto hakuna aliyeapa mwenzake akamwamini. Mkewe ndiye aliyenitazama usoni, akabeba watoto akatufuata. Josefa akabaki na nguruwe wake.

Nyumba yetu haipo. Yake pia. Yeye tulimkuta kwenye mikoko.

Tumemzika jana. Watu walinisubiri nimtanie kwa mara ya mwisho, kama inavyotakiwa.  Badala yake nililia mbele yao kama mtoto. Neno langu moja tu aliliamini maisha yake yote, na lilikuwa lile.

Watoto wake wanalala nasi darasani. Upepo ukivuma kidogo wanauliza kama kingine kitakuja. Wakubwa wanawajibu: laleni, zamu yetu imekwisha.

Ya muhogo imeoza. Ukija, niletee dadu, Litiana. Iwe kubwa, hata wazee waione.

Baba yako